Homa ya Manjano Huzimwa Kijijini Inakoanzia

Ugonjwa wa kuambukiza unapozuka mjini, habari zake huenea kabla ya jua kuchwa. Unapozuka kijijini, habari hizo mara nyingi hukawia njiani. Mtu wa kwanza hufa nyumbani na kuzikwa. Wa pili huambiwa kwamba ana malaria. Wa tatu husemwa kuwa amerogwa. Ni pale anapokufa wa nne au wa tano, pengine wa ukoo ule ule, ndipo neno linapoanza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mganga wa zahanati, na kutoka zahanati hadi wilayani. Siku zinazopotea katika safari hiyo ndizo zinazoamua kama ugonjwa utaua watu watano au mamia.

Homa ya manjano ni mfano ulio wazi wa jambo hilo. Ni ugonjwa usio na dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupewa maji, hupumzishwa na kuangaliwa mpaka mwili wake ushinde au ushindwe. Lakini ni ugonjwa wenye chanjo iliyo miongoni mwa chanjo bora kuliko zote ambazo binadamu amepata kutengeneza. Chanjo hiyo, iitwayo 17D, ilitengenezwa mwaka 1937 na Max Theiler na wenzake, na mwaka 1951 mtaalamu huyo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ugonjwa huo. Sindano moja tu humkinga mtu maisha yake yote. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba watu wa vijijini hufa kwa homa ya manjano kwa sababu sayansi haijapata jibu. Jibu lipo tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Linalosumbua ni nani anaona mapema, nani anaandika alichokiona, nani anapeleka habari, na nani anachukua hatua baada ya kuletewa habari hizo. Hayo ni mambo ya utawala na ya elimu. Yanawahusu watumishi wa umma na walimu kabla hayajamfikia mtaalamu wa maabara.

Yafaa kwanza ugonjwa wenyewe ueleweke. Homa ya manjano huletwa na virusi vinavyopelekwa na mbu kutoka kwa kiumbe mmoja hadi mwingine. Haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula pamoja wala kulala nyumba moja. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye virusi hukaa siku 3 hadi 6 bila dalili yoyote. Kisha homa humshika ghafla, akaumwa kichwa, mgongo na misuli, akapata kichefuchefu na kutapika. Baada ya siku 3 au 4 wengi hupata nafuu na kupona kabisa. Lakini wachache, baada ya nafuu fupi inayowadanganya wao na jamaa zao, hurudiwa na homa kali. Ini na figo huharibika, macho na ngozi huweza kugeuka manjano, na damu hutoka puani, kinywani na katika matapishi. Nusu ya wale wanaofika hatua hiyo hufa katika muda wa siku 7 hadi 10.

Makao ya asili ya virusi hivyo ni msitu. Jambo hilo lilichunguzwa kwa makini katika Afrika ya Mashariki yenyewe. Mwaka 1936 ilianzishwa huko Entebbe, Uganda, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, ambayo leo inajulikana kama Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1941 wataalamu wake walipata virusi vya ugonjwa huo katika damu ya mgonjwa wa Bwamba, magharibi ya nchi hiyo. Waliendelea kuuchunguza msitu wa huko na mashamba yanayoupakana. Waligundua kwamba juu katika vilele vya miti mirefu mbu aitwaye Aedes africanus, anayezaliana katika mashimo ya miti yenye maji, huambukiza tumbili na kima. Wanyama hao huteremka kuiba ndizi mashambani. Huko shambani yupo mbu mwingine, ambaye wakati huo aliitwa Aedes simpsoni, anayezaliana katika maji kidogo yanayotuama mahali jani la mgomba linapokutana na shina. Mbu huyo humuuma tumbili mwizi, na baadaye humuuma mkulima anayepalilia. Hivyo ugonjwa hutoka msituni ukaingia nyumbani bila mtu kutia mguu ndani ya msitu.

Kutokana na hali hiyo, mtu wa kwanza kuugua karibu kila mara ni yule ambaye kazi yake iko karibu na pori: mkulima, mchungaji, mwindaji, mchoma mkaa, mkata mbao au mrina asali. Ni mtu anayekaa mbali na hospitali, na mara nyingi mbali na barabara. Ni mtu ambaye jina lake haliandikwi popote isipokuwa katika daftari la zahanati, kama atabahatika kufika huko.

Yaliyotokea Uganda kaskazini mwaka 2010 yanastahili kusomwa na kila mganga wa zahanati na kila mwalimu. Kuanzia Oktoba mwaka huo watu wa wilaya za huko walianza kuugua homa yenye kutoa damu, na wengine kufa. Mwezi Novemba Wizara ya Afya ya Uganda iliunda vikundi vya wataalamu wa fani mbalimbali kwenda kuchunguza. Hadi Januari 2011 walikuwa wamehesabu wagonjwa 181 walioshukiwa, na 45 kati yao walikuwa wamekufa, yaani takribani mmoja katika kila wanne. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wanaume waliofanya shughuli za kujipatia riziki karibu na misitu. Lakini lililo muhimu zaidi ni hili: wagonjwa wote walikuwa na homa, na karibu wote, 97.8 kwa mia, walitokwa na damu bila sababu inayojulikana. Ila waliogeuka manjano walikuwa 11.6 kwa mia tu.

Takwimu hiyo ina somo kubwa. Mganga aliyefundishwa kungojea macho ya manjano ndipo ashuku homa ya manjano angewaacha wagonjwa karibu tisa katika kila kumi wapite mbele yake bila kuwatambua. Jina la ugonjwa lingemfumba macho. Zaidi ya hayo, malaria kali, homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya Bonde la Ufa, Ebola na Marburg huweza kuanza kwa dalili zinazofanana na hizo. Kwa hiyo hatakiwi mganga wa kijijini atangaze jina la ugonjwa. Kazi yake ni kutambua kwamba jambo lisilo la kawaida limetokea, na kulisema. Kati ya wale 181 wa Uganda, maabara ilithibitisha 13 tu. Lakini hao 13 wasingepatikana kamwe kama pasingekuwa na watu wa kuwaandika wale 181.

Hapa ndipo ilipo maana halisi ya uchunguzi wa mlipuko. Wengi hudhani kwamba uchunguzi ni darubini na wataalamu waliovaa mavazi meupe. Hivyo ni sehemu tu. Sehemu kubwa ya uchunguzi ni kuuliza na kuandika: nani ameugua, ana umri gani, ni mwanamume au mwanamke, anaishi wapi, anafanya kazi gani, homa ilimshika tarehe ngapi, wiki iliyotangulia alikwenda wapi, na kama aliwahi kuchanjwa. Majina yakipangwa kwa tarehe, ugonjwa huonyesha unaongezeka au unapungua. Yakipangwa kwa vijiji, huonyesha unakotoka. Yakipangwa kwa kazi, huonyesha njia ulimopita.

Mfano mzuri ulionekana Uganda tena, mwaka 2016. Mwezi Machi mwaka huo Wizara ya Afya ilipata habari kwamba watu watatu wa familia moja katika sehemu za kati ya nchi wamekufa katika muda wa mwezi mmoja, wakiwa na homa, manjano na kutokwa na damu. Wachunguzi hawakuishia kuwapima wagonjwa damu. Waliwalinganisha na majirani zao wazima. Ilionekana kwamba wagonjwa walikuwa wamelima katika mabonde ya maji na kuingia misituni kuwinda mara nyingi zaidi kuliko wale wazima. Mlipuko huo uligusa Masaka, Rukungiri na Kalangala, na wilaya hizo zikapelekewa chanjo. Mtu aliyeleta habari za vifo vitatu vya familia moja hakujua kuwa anazungumza juu ya homa ya manjano. Alijua tu kwamba vifo vitatu katika nyumba moja si jambo la kunyamaziwa, na hilo lilitosha.

Tanzania nayo ina mfano wa karibu, ingawa ugonjwa ulikuwa mwingine. Mwezi Julai 2022, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, kituo cha Mbekenyera kilitoa taarifa ya wagonjwa wawili waliokuwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Wagonjwa wawili tu. Taarifa ilipanda hadi Wizarani, wataalamu wakatumwa, na vipimo vikaonyesha kwamba haikuwa Ebola wala Marburg. Siku chache baadaye ikajulikana kuwa ni ugonjwa wa leptospira, ambao wananchi wameuita homa ya mgunda. Wagonjwa waliohesabiwa wakati huo walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamekufa. Kama kituo kile kingesubiri mpaka wagonjwa wawe hamsini ili taarifa ionekane ya maana, hakuna ajuaye hesabu ingekuwaje.

Hata hivyo haitoshi kusifu wanaotoa taarifa mapema bila kusema kwa nini wengine hawatoi. Sababu zinajulikana na kila mtumishi wa umma, ingawa mara nyingi husemwa kwa kunong'ona. Wapo wakubwa wa kazi ambao, wakiletewa habari mbaya, humkaripia aliyeileta badala ya kulishughulikia jambo lenyewe. Wapo wanaohofu kwamba wilaya yao itaandikwa vibaya, au kwamba minada na biashara vitasimama. Wapo wanaotaka kwanza wawe na uhakika, na uhakika huo hutafutwa kwa majuma mawili huku watu wakizikwa. Matokeo yake ni kwamba mtumishi wa ngazi ya chini hujifunza kunyamaza. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayeficha maradhi ya wilaya nzima huumbuliwa na vifo vya wilaya nzima.

Ipo pia sababu ya pili, nayo ni ukimya wa wale wa juu. Mganga wa zahanati hujaza fomu za kila wiki mwaka baada ya mwaka, na wala hapati neno la kumjibu. Hupeleka sampuli za damu kwa pikipiki ya kuazima, kwa mafuta aliyochangiwa, na majibu hayarudi. Mtu wa namna hiyo akianza kujaza fomu kwa kubuni, kosa si lake peke yake. Taarifa ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji pande mbili. Wilaya inayotaka kuletewa habari upesi haina budi kujibu upesi: imwambie mganga kwamba sampuli yake imefika, imwambie matokeo yake hata kama hayakuonyesha kitu, na imtengee njia ya kusafirisha damu kabla ya mlipuko, wala si baada yake.

Hesabu ya siku inaonyesha wazi kwa nini jambo hili si la kupuuzwa. Mtu aliyechanjwa leo hajakingika leo. Watu walio wengi hupata kinga ndani ya siku 10 baada ya sindano, na karibu wote ndani ya siku 30. Kabla ya sindano hiyo, damu imekwisha kusafirishwa, imepimwa, matokeo yamethibitishwa, chanjo imeombwa, imeletwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na wananchi wamekusanywa. Chanjo ikishachanganywa na maji yake sharti itumike ndani ya saa 6, la sivyo humwagwa. Kila hatua inachukua siku zake, na nyingi haziwezi kufupishwa sana. Hatua inayoweza kufupishwa kwa majuma, tena bila gharama kubwa, ni ile ya mwanzo: siku kati ya mgonjwa wa kwanza na taarifa ya kwanza. Ndiyo maana kanuni za afya za dunia huhesabu hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa, aliyeambukizwa mahali ambapo watu hawajachanjwa, kuwa ni mlipuko.

Yale yanayoweza kutokea ugonjwa ukiachwa uende unavyotaka yalionekana Ethiopia. Kati ya mwaka 1960 na 1962 homa ya manjano ilienea kusini-magharibi mwa nchi hiyo, katika sehemu za mto Omo, miongoni mwa watu wasio na kinga. Inakadiriwa kwamba watu 100,000 waliugua na 30,000 wakafa. Hao hawakuwa wakazi wa mji mkubwa. Walikuwa watu wa vijijini, mbali na hospitali.

Na asidhani mkazi wa mjini kwamba jambo hili ni la watu wa porini. Mgonjwa akiingia mjini akiwa na virusi katika damu yake, mbu wa mjini, Aedes aegypti, anayezaliana katika mapipa, mitungi, matairi na makopo yenye maji, huichukua kazi ya mbu wa msituni. Desemba 2015 ugonjwa ulizuka Luanda, mji mkuu wa Angola, ukaingia Kongo. Mwaka 2016 akiba ya chanjo ya dunia ilipungua mno, hata ilipofika Agosti wananchi wa Kinshasa wakachanjwa kwa sehemu moja ya tano ya kipimo cha kawaida ili chanjo iwatoshe. Katika nchi hizo mbili watu zaidi ya milioni 30 walichanjwa. Wasafiri waliotoka Angola waliufikisha ugonjwa huo mpaka China, na wawili walifika nao Kenya. Moto ulioachwa uwake mahali pamoja uligharimu akiba ya dunia nzima.

Somo lingine linatoka Kenya, nalo linahusu yale yanayofanywa baada ya mlipuko kuzimwa. Kati ya Septemba 1992 na Machi 1993 homa ya manjano ilizuka katika Bonde la Kerio, katika wilaya za Elgeyo Marakwet na Baringo. Ulikuwa mlipuko wa kwanza kuandikwa katika historia ya nchi hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba maambukizi yalikuwa ya msituni, yaliyoletwa na mbu wa huko. Wananchi walichanjwa kwa wingi na ugonjwa ukazimika. Baadaye chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya kawaida ya watoto katika wilaya nne za sehemu hiyo: Baringo, Koibatek, Keiyo na Marakwet. Lilikuwa jambo jema. Lakini ukinga ulijengwa pale tu ambapo ugonjwa ulikuwa umekwisha kupita.

Takribani miaka 30 baadaye ugonjwa ulitokea upande mwingine. Tarehe 4 Machi 2022 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mlipuko katika kaunti ya Isiolo, katika nchi ya wafugaji, mbali na Kerio. Kati ya Januari na Februari mwaka huo watu 15 walikuwa wameshukiwa katika vijiji 8, na 4 kati yao walikuwa wamekufa. Isiolo haikuwa miongoni mwa zile sehemu nne. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini aliyeziba ufa mmoja na kuiacha nyufa nyingine hana budi kukesha. Uganda, baada ya milipuko ya 2010 na 2016, iliamua kufuata njia pana zaidi: mwaka 2022 iliingiza chanjo ya homa ya manjano katika ratiba ya kawaida ya watoto wa nchi nzima, na mwaka 2023 na 2024 ikafanya kampeni za kuwachanja wananchi kwa umati. Msitu hauwezi kupuliziwa dawa wote, wala tumbili hawawezi kuchanjwa. Anayeweza kuchanjwa ni mtoto wa miezi 9, na huyo akichanjwa leo hatarudi tena katika hesabu ya wagonjwa.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi 27 za Afrika zinazohesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa katika hatari kubwa ya milipuko ya homa ya manjano. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini si la kulalia usingizi. Katika orodha hiyo wamo majirani zake watatu: Kenya, Uganda na Kongo. Mifugo, mahindi, ndizi na watu huvuka mipaka hiyo kila siku, na mbu wa aina ya Aedes wanaishi katika miji na vijiji vya Tanzania. Milipuko ya homa ya dengue iliyopata kutokea Dar es Salaam, ambayo huletwa na mbu yule yule Aedes aegypti, ni ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo cheti cha chanjo kinachodaiwa mpakani na katika viwanja vya ndege kwa msafiri atokaye nchi zenye ugonjwa si hati ya kumsumbua mgeni, wala si karatasi ya kununuliwa kwa rushwa. Afisa anayeuza cheti kwa mtu ambaye hakuchanjwa anaufungulia ugonjwa mlango kwa mkono wake mwenyewe, na anastahili kushughulikiwa kama mtu aliyefanya hivyo.

Wajibu wa kila mmoja unaweza kuelezwa bila kuzungukazunguka. Mganga wa zahanati hana budi kuandika kazi na kijiji cha kila mgonjwa wa homa, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo amwonapo mgonjwa mwenye homa na manjano, au homa na kutokwa damu, au aonapo wagonjwa wawili wa namna moja kutoka nyumba moja. Asimpe mgonjwa wa namna hiyo aspirini wala dawa za jamii yake, kwani huzidisha kutoka kwa damu. Amlaze ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu hawa huuma mchana, na katika siku za kwanza za homa damu ya mgonjwa ndiyo inayowaambukiza. Na kwa kuwa bado hajui kama ni homa ya manjano au ni Marburg, avae glavu na kujikinga mpaka maabara iseme.

Mwalimu naye ana nafasi ambayo hakuna mtumishi mwingine aliye nayo. Kila asubuhi huita majina. Watoto wanne wa kitongoji kimoja wakikosekana kwa juma moja, yeye ndiye wa kwanza kujua, hata kabla ya mganga. Akiuliza sababu na kuipeleka zahanati, amekwisha kufanya uchunguzi. Mwalimu pia ndiye anayeweza kueleza darasani, na katika mkutano wa wazazi, kwamba damu inayotoka puani si uchawi, kwamba maji yaliyotuama katika vifuu na matairi ni mazalio ya mbu, na kwamba sindano inayoletwa na serikali haikuletwa kuwafanya watu wagumba. Tanzania inajua nguvu ya elimu ya namna hiyo. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili namna ya kuzuia magonjwa, kisha wakashika majembe wakafanya waliyoyajadili. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wakulima, wakiongozwa na watu waliojua kusoma.

Mtendaji wa kijiji ahesabu vifo vinavyotokea nyumbani, kwani vifo hivyo haviingii katika daftari la hospitali. Viongozi wa wilaya watenge mafuta, kasha la baridi na mtu wa kupeleka damu, na wasimkaripie aletaye habari ambayo baadaye ilionekana si kitu. Taarifa kumi zisizo na ugonjwa ni gharama ndogo. Ugonjwa mmoja usio na taarifa ni gharama kubwa. Nao wakuu wa wizara waijibu kila taarifa, na wapange chanjo kwa kuangalia mahali ugonjwa unapoweza kutokea, wala si mahali ulipokwisha kuua.

Mambo haya hayahitaji kungojea fedha za kigeni wala semina. Daftari lipo, kalamu ipo, simu sasa ziko hata katika vijiji vingi vya mbali. Linalotakiwa ni moyo wa kuhesabu kifo cha mchoma mkaa wa porini kuwa sawa na kifo cha mkurugenzi, na kukiulizia sababu siku ile ile. Utumishi wa umma hupimwa hapo. Mwananchi aliyeko mwisho wa barabara, asiye na cheo wala jamaa mkubwa, akiugua leo, ni nani atakayeandika jina lake kesho asubuhi? Wilaya inayoweza kulijibu swali hilo kwa kutaja mtu na daftari lake imekwisha kujikinga nusu ya njia.